Lete Nyoka Kwanza

"Nyoka yuko wapi?" mfamasia aliuliza kwenye dirisha la dawa, bila kuinua macho.

Daktari alipiga ngumi kwenye kaunta. "Mgonjwa wangu kope zinaanguka, mate hayamezeki. Ni swila. Sihitaji kumwona ndiyo nijue. Nipe dawa."

"Ningekupa, Dokta. Lakini mkurugenzi kasema haitoki mpaka amwone nyoka yeye mwenyewe, kwa macho yake. Utaratibu ni utaratibu."

Utaratibu huo ulimchoma daktari rohoni. Alikuwa amemaliza ujana wake katika chumba cha dharura akitibu walioumwa na nyoka, na alimjua nyoka kwa kumtazama mgonjwa tu. Mkurugenzi hakuwahi kumkaribia hata kenge, ila amri ya dawa ilikuwa yake. Alidai madaktari wanatapanya dawa ghali kwa watu waliochomwa na miiba. Tangu hapo ndugu wa wagonjwa walirudishwa vichakani kusaka nyoka, na wengine walirejea wameumwa wao. Daktari alilalamika vikaoni mpaka sauti ikamkauka. Akaambiwa ana hasira za karibu.

Leo aliyetumwa ni seremala, mume wa mgonjwa. Mkewe aliumwa akiokota mayai, na nyoka alikuwa bado amejikunja chini ya banda la kuku.

Daktari alirudi kitandani. Mgonjwa alikuwa ameshaanza kushindwa kupumua, ikabidi amsukumie hewa kwa kimfuko cha mpira. Aliubinya ule mpira huku akimlaani mkurugenzi kimoyomoyo, yeye na kiti chake cha kuzunguka.

Seremala aliingia akihema. Alikuwa na gunia, amelishika mbali na mwili.

"Umempiga na nini?" muuguzi alimuuliza.

"Nimpige saa ngapi, sista? Mke wangu anakufa."

"Mpelekee mkurugenzi, mlango wa mwisho," daktari alifoka bila kugeuka. "Yeye ndiye mwenye hamu ya kumwona."

Punde seremala alirudi mbio, gunia likipepea mkononi. "Ameona, Dokta. Nimemwambia asubiri, kafungua mwenyewe."

Kwa kelele zilizotoka mlango wa mwisho, jengo zima lilijua kwamba mkurugenzi ameona. Mfamasia hakubisha. Alitoa dawa, na muda si muda ikawa inaingia kwenye mshipa wa mgonjwa, tone baada ya tone, seremala akiwa amepiga magoti pembeni ameushika mguu wa mkewe.

Daktari alimwachia muuguzi ule mpira, akakimbilia tena dirishani.

"Nipe nyingine, haraka. Mkurugenzi kaumwa mkononi."

Mfamasia hakuinua macho.

"Nyoka yuko wapi?"