Bi Raya Kafumua Nywele

Zuwena msusi alikuwa hawezi kusuka kimya. Mikono ikienda, mdomo nao unatunga visa. Juzi alimsuka Bi Raya, nywele zikaisha kabla ya kisa. Leo Bi Raya karudi, kafumua zote, kichwa timtim.

“Zilikubana?”

“Wala! Yule mwanamke wa kisa chako, uliyemwacha nje mvuani na beseni lake, alifunguliwa mlango?”

Zuwena alicheka. Hata yeye hakujua. Akabandua kalenda ya mwaka jana ukutani, akaigeuza, akachukua penseli ya wanja, akainama kuandika.

Bi Raya alingoja mkekani, kitana mkononi.

“Vipi, kafunguliwa?”

“Tulia, Bi Raya,” alisema Zuwena bila kuinua uso. “Nasikia mtu anakuja kufungua.”