Maembe ya Kahawia

Bakuli lilikuwa bado na maji ya vuguvugu. Kando yake, juu ya gazeti, vipande vichache vya embe kavu vyenye ukungu vilikuwa vimetengwa kwa uangalifu, kama mawe yanavyochambuliwa kutoka kwa mchele.

Magdaline, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliliinua bakuli ili kila mtu alione. Halafu akamtazama Watiri, jinsi mtu anavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni.

Walikuwa kwenye kibanda chao cha kukaushia matunda, hapo Kagio, Februari ya tisini na sita. Akina mama walikuwa wakinunua maembe sokoni, wanayakata, wanayakausha, na kuyapeleka Nyeri mjini kuuzwa. Ufunguo walikuwa nao wawili tu: mwenyekiti, na Njoki, binti ya Watiri, aliyekuwa akigeuza matunda kwenye trei. Na sasa gunia la embe kavu lilikuwa likipungua, wiki baada ya wiki, kabla ya kupimwa.

Jua lilichoma mabati hadi yakalia, lakini Magdaline alikaa na sweta yake kubwa, imefungwa vifungo vyote. Alisema mifupa yake ina baridi. Chai ilipoletwa aliisukuma kando, akaomba maji ya moto matupu. Ati chai inampa kiungulia. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ukimuuliza Magdaline kitu alikujibu kwa mstari wa Biblia, na mstari huo haukumwangukia yeye hata siku moja.

"Huyu si mwizi wa njaa," alisema. "Mwizi wa njaa anabugia. Huyu amechagua. Zile za kung'aa, tulizofukiza na salfa ndio zisipoteze rangi, hakugusa. Amekula za kahawia peke yake."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Hivi ndivyo wenye mimba wa siku hizi wanavyobembelezwa. Acha za salfa. Osha na maji moto. Ukiona ukungu, tupa. Kula ya kujaa kiganja, usipitishe, iko na sukari nyingi. Na usiteremshie na chai, ati chai inazuia damu kuongezeka. Sisi tulitafuna udongo na tukazaa."

Akina mama walicheka. Walicheka kwa sababu mwenyekiti alikuwa amecheka.

"Sasa mniambie, ni nani hapa hutapika nyuma ya kibanda?"

Njoki alikuwa amesimama mlangoni, trei mikononi. Alisema ni moshi wa salfa unaomchafua roho. Mama mmoja akauliza huo moshi unaitwa nani kwao, na kama una kazi. Wakacheka tena, sasa bila kumngoja mwenyekiti.

Watiri hakucheka. Jana yake Njoki alikuwa amemwapia kwa kaburi la baba yake kwamba hana kitu tumboni. Lakini Watiri alikuwa ameishi miaka mingi, na alishaona wasichana wengi wakiapa.

Sheria ya kanisa lao haikuwa na kona. Binti akipata mimba nyumbani, mama yake huvuliwa kitambaa cha kichwani. Hukaa benchi la nyuma, hakaribii meza ya Bwana, na akifa kabla ya kurudishwa, wenzake hawamwimbii kaburini. Watiri alivishwa kitambaa hicho mwaka aliomzika mumewe. Tangu hapo hakuwa na kitu kingine ambacho watu wangemsalimia nacho kwa heshima.

"Mama Njoki," Magdaline alisema, sauti yake tamu kama ya mtu anayempa mtoto dawa chungu, "usitungoje tukuvue. Mimi pia ni mjane kama wewe, na boma yangu iko safi. Ni kujua kuchunga tu."

Watiri akafungua fundo nyuma ya kichwa, akakikunja kitambaa mara moja, akakiweka mezani karibu na lile bakuli. Nywele zake za mvi zilibaki wazi mbele ya wote.

Mwenyekiti alikivuta kitambaa upande wake kwa kidole kimoja, kama kitu kilichoanguka matopeni.

Wangechi, mwanamke kijana, alikuwa amekaa karibu na jiko, tumbo lake la mimba likiwa limefika magotini. Alikuwa mmoja wa wale watu wanaotumwa kuni kisha wanasahaulika. Katika mkutano hakuwa amewahi kufungua mdomo. Lakini sasa alikuwa akimwangalia Magdaline kwa furaha, kama aliyekutana na mtu wa kwao katika mji wa ugeni.

"Mwenyekiti, umesema yote sawasawa," alisema, "hata hiyo ya chai. Ndivyo Sista Kathambi anatufundisha kliniki ya wajawazito tangu aletwe juzi kutoka Meru. Lakini yeye hufunga mlango, na bila tumbo haingii mtu. Mimi huenda ya Jumanne. Kumbe wewe ni wa Alhamisi?"

Mkono wa Magdaline ulishuka kwenye sweta, ukaivuta mbele ya tumbo.

Watiri alinyoosha mkono, akachukua kitambaa chake, akakifunga polepole, macho yake yakiwa kwenye vifungo vya ile sweta.