Chanzo cha Jeraha

Kidole cha mwanangu Nasra kilipochanika, sauti ya ukutani ilijua kabla mimi sijafika jikoni.

"Poleni. Chanzo ni nini?"

Kila nyumba ina sauti hiyo, na chanzo kinachotajwa huondolewa, kiwe kitu, kiwe mtu. Kwetu walishachukua visu na kiberiti. Kwa jirani walimchukua mume.

"Mbuzi ya nazi," nikasema.

"Nani aliiacha wazi?"

Niliiacha mimi, meno nje, nikatoka kupokea simu. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, hajawahi kuinuka kwenye mbuzi bila kuikunja, na kila siku hunikumbusha. Nilimtazama mwanangu anavyolia, nikawaza atalala na nani.

"Bibi yake," nikasema.

Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kumfunga mtoto kidole. Alinitazama kidogo tu.

"Ni mimi," akaiambia sauti. "Uzee huu, jamani."

Walikuja vijana wawili wenye adabu zao. Aliomba aingie jikoni mara moja, wakamruhusu. Alipotoka alijitanda kanga, akambusu Nasra, akaniambia, "Wali umeuacha jikoni, mwanangu. Usije ukaungua."

Gari lilipoondoka, sauti ikasema, "Hongereni. Nyumba yenu sasa ni salama."

Nikaenda kuepua wali. Mbuzi walituachia, maana haikuwa chanzo. Ilikuwa pale pale chini nilipoiacha, imekunjwa vizuri, meno ndani.