Damu ya Bibi Mzaa Baba

"Hivi mjukuu wako aking'oka jino, damu itakata upesi?"

Swali hilo aliliuliza jirani, fundi cherehani, akichungulia juu ya ukuta wa uani. Mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe, aliyekuwa anaanika nguo, alilikung'uta shuka kama anayefukuza nzi.

"Ya nyumba yangu niachie mwenyewe."

Mkamwana wake alisikia, akacheka peke yake jikoni. Jino gani, na mtoto ana ufizi mtupu?

Sasa hacheki. Mumewe alikatwa na bati kazini, jeraha la kufunga kitambaa tu, lakini damu ilikataa kukata mpaka ikaondoka naye. Msibani fundi alilia hadi akashikwa na wanawake wawili. Mama mkwe, aliyemzika mwanawe wa pekee, hakutoa sauti.

Na sasa ni zamu ya mtoto. Ana mafindofindo kooni, makubwa kama tunda la kunazi. Akilala anakoroma kama mzee, mara pumzi inasimama, mama yake anamtikisa huku anamwita Mungu. Dawa yake ni kupasuliwa. Lakini binti huyo akipiga chafya tu, pua inachuruzika asubuhi nzima.

Daktari alichora ukoo kwenye karatasi, miraba kwa wanaume, maduara kwa wanawake.

"Damu isiyoganda hurithiwa, mama, na ina aina nyingi. Dawa inayomfaa mmoja humdhuru mwingine. Sishiki kisu mpaka nijue imetoka kwa nani."

Upande wa mama wakatoa damu wote, hata mjomba mwenye maneno mengi, aliyezimia kabla sindano haijamgusa. Wote wazima. Upande wa baba, babu alikuwa kaburini, baba kaburini. Likabaki duara moja, na lilikuwa na shingo ngumu.

"Mama, twende kesho."

"Kesho kichwa kinaniuma."

Kesho yake yakawa magoti. Kesho kutwa, kuna mgonjwa wa kumwombea. Akibanwa sana, anajibu lile lile: "Nimeshakwambia, damu yangu haimfai mtoto huyu."

Kilichomchoma mkamwana ni kwamba bibi huyo huyo ndiye aliyekesha na mtoto mapajani, akimkanda pua kwa kitambaa cha maji baridi. Upendo gani huu unaotoa usingizi ukanyima tone la damu? Aliomba subira mpaka sala ikawa inamtoka kwa meno yaliyobanwa.

Jioni moja fundi alileta gauni la mtoto. Mtaani wanamwita Bi Kastabini, maana kila kidole kakivalisha kofia yake ya chuma. Wanamtania, fundi gani anaogopa sindano! Alimpima mtoto mabega kwa macho, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Wameshapata damu wanayoitaka?"

"Gauni tumelipokea. Usiku mwema."

Mlango ulipofungwa tu, mkamwana akapasuka.

"Hata jirani anauliza! Damu yako ina askari mlangoni, Mama? Umemzika mmoja, unasubiri wa pili? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wewe huna hata chembe!"

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Vidole vikasimama. Akaiweka sinia chini polepole, akaingia chumbani, na mkamwana akamsikia anasali kwa muda mrefu. Akajuta. Lakini hakumfuata.

Asubuhi alimkuta bibi amekwisha vaa, kasimama nje. Alikuwa amemshika mkono fundi, aliyekokotwa kutoka kwenye cherehani na kastabini zake vidoleni, macho yamemvimba.

"Hata leo lazima asindikizwe," mkamwana alinung'unika, akambeba mtoto.

Kliniki, muuguzi alifungua sindano mpya, akawatazama wale wanawake wawili wazee.

"Haya. Bibi mzaa baba ni yupi?"

Mama mkwe akavuta kiti. Akamkalisha fundi. Akamvua kastabini moja moja, akazipanga mezani, akampandisha mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka.