Kumi na Mbili za Mstari wa Arobaini na Moja

Mwalimu Tausi aliyafungua kwenye kompyuta mafaili yote mawili ya matokeo, lile alilolitengeneza yeye na lile alilolirudisha Mwalimu Kihwelo wa taaluma. Wanafunzi waliandikwa kwa namba za siri, ili mwalimu asimpendelee mtu wake. Akashuka mstari kwa mstari akilinganisha fomula za wastani. Zilikuwa sawasawa, mpaka mstari wa arobaini na moja. Mwishoni mwa fomula hiyo mtu alikuwa ameongeza alama kumi na mbili.

"Hata kuiba hujui," alimwambia Kihwelo, aliyekuwa akikoroga chai meza ya pili. "Mtu mzima na akili zako unaongeza alama waziwazi, kama unatia sukari! Nani amekununua, diwani mwenye mtoto hapa?"

"Hakuna aliyenituma, mwalimu. Ifute."

"Nitaifuta, na mkuu ataiona."

Kihwelo akamsogezea daftari la namba na majina. "Mtazame kwanza mwenye namba hiyo."

Tausi aliteremsha kidole kwa madaha, kisha kikasimama. Lilikuwa jina la binti yake, aliyemwambia nyumbani kwamba mtihani ulikuwa mwepesi.

"Nilikuonea huruma," Kihwelo alisema, akapuliza chai.

Huruma ya Kihwelo! Hakuna kitu kilichowahi kumchefua zaidi ya hicho. Akaurudia mstari ule, akaweka kishale juu ya kumi na mbili. Nje wanafunzi walishajazana kwenye ubao wa matangazo, na sauti aliyoijua kuliko zote ilikuwa ikiuliza, kwa furaha, kama orodha imetoka.