Maombi Chini ya Mukinduri

Hakuna mti wa kumshinda Amondi, alijiambia mwenyewe akiwa juu ya mukinduri, panga kwapani, malapa yamefungwa kiunoni kwa leso. Kisha akatazama chini akajirekebisha: wa kupanda, hakuna. Wa kushuka, Mungu ndiye anajua.

Chini, pale kwenye kivuli, Kimanzi alikuwa ametandaza koti lake akaketi. Kimanzi ndiye askari wa msitu. Na nyuma yake wanawake wa kikundi cha kuni walikuwa wakifika, mmoja mmoja, wakisalimiana na kutafuta mahali pasipo na siafu.

Siafu walikuwa juu, na Amondi.

Kila mwanamke wa kikundi ana kadi. Kadi inamruhusu kuingia msitu wa Ngong Road na kuokota kuni zilizokauka zikaanguka zenyewe. Mti mbichi haukatwi. Ukishikwa, kadi inachukuliwa, na hapo bado hujaadhibiwa. Adhabu yenyewe kikundi kilijitungia: unabebeshwa tawi lako kichwani, na majani yake yote, unatembezwa nalo mpaka Silanga, wenzako wakikuimbia nyuma. Mwanamke wa mwisho kubebeshwa alihamia Kabiro wiki hiyo hiyo, na mpaka leo hajarudi hata kuchukua jiko lake.

Amondi aliuza mgongo wazi pale Silanga, ile mifupa ya samaki ya kukaanga. Bila kadi hakuna kuni, bila kuni hakuna samaki, na wajukuu wake walikuwa wakila hapo hapo kwenye karai. Lakini kuni kavu zilikuwa zimeisha. Kila mtu anaokota, na miti haiangushi kwa kuhurumia mtu. Akaona tawi moja tu, likaukie nyuma ya nyumba, nani atajua? Alichagua leo kwa sababu leo hakukuwa na mkutano. Kila mtu alijua hakuna mkutano.

Sasa tawi lilikuwa limekatwa nusu, nalo likaanza kulia krrr. Amondi akalikumbatia kwa mikono miwili. Akiliachilia, linatua kwenye kofia ya Kimanzi. Akilishikilia, mikono inakufa ganzi. Siafu mmoja akapata njia ya kwenye goti na kuendelea na safari.

Kwenye tawi la pili kima alikuwa amekaa, akimtazama jinsi landlodi anavyomtazama mpangaji tarehe kumi.

Kimanzi alikuwa akieleza shida yake. Kuna mtu anakata matawi mabichi, na kima wakikosa mahali pa kulala na matunda ya kula wanavuka ukuta mpaka Nyayo Highrise, wanafungua madirisha ya watu na kubeba mkate. Wakubwa wake wamechoka kupigiwa simu. Wakikuta tawi lingine moja limekatwa, kadi zote zitarudishwa.

"Afande," akasema Waceke, mmoja wa wanawake, "na hao kima wanaingia huko na kadi gani?"

Wanawake wakacheka. Amondi naye kidogo acheke. Akauma midomo.

Eddah, katibu wa kikundi, akawatuliza. Akasema hakuwaita kwa mambo ya kima. Mwenyekiti wao alikuwa amepiga simu jana, sauti imekauka, kwamba amefiwa na shemeji yake huko Seme na yuko njiani kwenda kuzika, na wiki hii wasimngoje. Sasa wao ni watu wa aina gani, wakae tu nyumbani? Wakasema angalau wamwombee, na kivuli kizuri kilikuwa hiki. Waceke akaongeza kwamba ingekuwa vizuri mwenyekiti akirudi akute yule mkata miti ameshashikwa, maana ile adhabu ya tawi ni yeye aliyeileta, na akakataa kabisa ipunguzwe.

Amondi aliposikia neno maombi akapumua kwa mara ya kwanza. Watu wakifumba macho, mtu anaweza kuteremka upande wa nyuma polepole, kama mjusi. Na Kimanzi alikuwa Mkristo wa kweli, hakuwa wa kufumba jicho moja.

Wakasimama. Macho yakafumbwa. Amondi akaliegemeza tawi kwenye panda ya mti, likakubali. Akashusha mguu mmoja.

Eddah hakuwa mtu wa kuomba kwa haraka. Akaombea mvua.

"Amina," wakajibu wote.

Amondi akafunga mdomo kwa nguvu. Mtu aliyezeeka kwenye benchi la mbele kanisani, kumnyamazisha wakati wa maombi ni kama kumzuia kupiga chafya. Akashusha mguu wa pili.

Eddah akaombea miti, isimame.

"Amina."

Akaombea kima, Bwana awape chakula mbali na Nyayo Highrise.

"Amina," na Kimanzi akaisema mara mbili.

Amondi alikuwa amefika katikati ya shina. Amelikumbatia, shavu kwenye gome, hawezi kwenda juu, na chini bado ni mbali. Siafu alikuwa amefika alikokuwa akienda. Machozi yakamtoka.

"Na sasa, Bwana," akasema Eddah, sauti ikiteremka, "mkumbuke mama yetu mwenyekiti. Mama mwaminifu, asiyejua uongo. Mfute machozi huko aliko, umrudishe kwetu salama."

"Amina," wakasema wote.

"Amina," ikasema sauti kutoka kwenye mti, ikiwa imechelewa kidogo, na kwa uchungu wa mfiwa kabisa.

Hakuna aliyefumbua macho. Eddah akakohoa, kisha akauliza kwa sauti ile ile ya maombi:

"Mwenyekiti, huko Seme mmeshamaliza kuzika?"