Usaili wa Vitendo

Mhandisi alikuwa amelala chali chini ya sinki, sketi yake ya usaili ameibana kati ya magoti, vumbi la saruji likimwingia machoni huku akikaza bomba la maji machafu. Juu yake kulikuwa na jozi ya viatu vilivyong'arishwa vizuri, soli zimekwisha.

Viatu vilikuwa vya msaili. Watahiniwa walishampa jina: Bwana Tai. Katika jengo lile lisilo na milango wala madirisha, ni yeye peke yake aliyevaa tai.

Asubuhi aliwahoji mmoja mmoja ndani ya kontena la ofisi, akisoma maswali kutoka kwenye karatasi neno kwa neno. Kila akijibiwa, aliinua macho kwenye kamera iliyokuwa ukutani, akajiweka sawa, akaendelea. Mhandisi alijibu yote, kuanzia mwinamo wa mabomba hadi presha ya maji ghorofa ya juu. Kisha wakaambiwa sehemu ya pili ni vitendo. Kila mtu achukue bafu moja, vifaa vipo, aunganishe mpaka maji yatoke.

Hakunung'unika. Mwenye shida hachagui jembe, na yeye shida yake ilikuwa na jina na umri: binti yake. Walikuwa wakilala sebuleni kwa kaka yake, na juzi wifi yake alilikunja godoro lao mchana kweupe, akalisimamisha mlangoni, akaendelea kufagia kana kwamba hajafanya kitu. Jioni kaka mtu akasema, akiangalia pembeni, kwamba mwisho wa mwezi ingefaa wawe wamejipanga. Dada mtu alimjibu kwamba anakwenda kwenye usaili, na safari hii anaipata.

Basi akakaza bomba. Alipohitaji pimamaji la kupimia usawa wa bomba, Bwana Tai akamwambia aangalie bafu la jirani, huenda kuna moja limesahaulika huko.

Lilikuwepo, juu ya tangi la choo. Lakini hakulichukua. Alisimama akitazama ukuta.

Vibanio vya mabomba vilikuwa vimepigwa skrubu, na mifuo ya kutilia bisibisi kwenye vichwa vya skrubu zote imelazwa upande mmoja, imenyooka kama waumini kwenye safu. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye ugonjwa huo. Walisoma naye chuo, wakimcheka kila siku. Wakati wenzake wameshanawa mikono, yeye bado yuko ukutani anazilaza skrubu zake. Kampuni hii hii ilimwita kwenye usaili, ikamwambia hajafikia kiwango. Siku hizi anauza soksi kando ya barabara.

Hajafikia kiwango, na bafu lake limepakwa rangi na kuwekwa kioo.

Akaingia bafu linalofuata. Tepu nyeupe ya kuzuia maji yasivuje imezungushwa nene nene, mkono wa mtu mwoga. Lililofuata, mkono wa mtu mwenye haraka. Akashuka ghorofa ya chini, akaingia hili, akatoka lile. Fundi hutambulika kwa mkono wake kama mtu kwa sauti, na katika jengo lile hapakuwa na sauti mbili zinazofanana. Kila bafu lilikuwa na mwenyewe. Kila mwenyewe alikuja na vyeti vyake ndani ya bahasha, akavuja jasho mchana kutwa, akaambiwa asante, tutakujulisha.

 Kuna watu wanakunywa jasho la mwenzao kisha wanalalamika kwamba lina chumvi.

Akalikumbuka godoro. Angeweza kurudi chini ya sinki, amalize, anyamaze, aombe Mungu. Pengine kweli wangemchukua mmoja. Alisimama pale ngazini na wazo hilo, akaliona linavyonuka, akaanza kuwaita wenzake bafu kwa bafu.

Walitoka na spana mikononi, wengine wamelowa. Akawaonyesha. Akawaambia skrubu za nani zile na mwenyewe yuko wapi leo. Mwanzoni walitazamana tu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuamini. Kisha mzee mmoja mwenye mvi, waliyekuwa wakimwita Mjomba, akasonya.

"Kwa hiyo sisi wote tumefeli," akasema, "jengo ndilo limefaulu."

 Mjomba alitupa spana yake sakafuni, na wengine wakafuata, moja baada ya nyingine, mlio ukashuka ghorofa hadi ghorofa.

Bwana Tai akaja mbio. Mhandisi hakumngoja afike. Alimwambia mwizi wa mchana ni mbaya kuliko wa usiku, maana huyu wa mchana anakuandalia kiti kwanza. Alimwambia kuna mtoto anayelala chini kwa sababu ya watu wenye tai kama yake. Aliuliza kama huwa anapata usingizi.

 Bwana Tai aliokota spana mbili, akakosa pa kuziweka.

"Dada, shusha sauti, nakuomba. Wakubwa wakikusikia huko juu utaniharibia."

"Nitakuharibia nini? Kazi?"

"Kazi gani, dada?" Akailegeza tai, jasho likamtiririka shingoni. "Hata mimi nasailiwa. Nimeomba nafasi ya msaili. Wamesema watanijulisha jengo likiisha."